Miezi minne na kocha wa ADHD, nikiwa Newala

Naandika haya kwa ajili ya mtu mzima aliyeko huku kwetu kusini ambaye ameambiwa ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika umakini, na sasa anajiuliza kama kumlipa kocha kwa njia ya simu kuna faida yoyote. Mimi nimelipa mara mbili kwa watu wawili tofauti. Mara ya kwanza nilipoteza hela, mara ya pili nimepata kitu ambacho sikuwahi kukipata katika miaka arobaini na moja ya maisha yangu. Nitazieleza zote.

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, wilaya ya Newala, huu ni mwaka wa tisa. Anayeujua mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianzia hapa Mtwara msimu wa 2007/2008, anajua kazi yetu ilivyo. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, unaandikwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, kisha fedha inashuka kwenye akaunti ya mkulima kwa kufuata orodha tuliyoiandaa sisi. Orodha ina mamia ya majina, na kila jina lina namba yake ndefu ya benki. Ukikosea tarakimu moja, fedha haifiki.

Msimu wa juzi nilikosea. Namba ya mzee mmoja ilikuwa na 8, mimi nikaandika 3. Alikuja ofisini mara tatu, kwa miguu. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi muda mrefu bila kusema, kofia kaiweka gotini, halafu akaniambia, "Mwanangu, wenzangu wote wameshapata. Mimi nimekosa nini?" Namba sahihi nilikuwa nayo. Fomu ya kurekebisha ilikaa kwenye droo yangu siku kumi na moja. Hapo ndipo watu wengi hawanielewi, na hata mume wangu hakunielewa. Nilikuwa nikiamka saa tisa usiku namfikiria yule mzee, nalia. Asubuhi nafika kazini, wanaingia watu watatu kwa mpigo, simu inalia, na ile fomu inafutika kichwani kana kwamba haijawahi kuwepo.

Jina la hali hii nililijua kupitia mwanangu. Yuko darasa la tatu, mwalimu wake alituita kwa sababu hatulii, hamalizi kazi, anajibu kabla ya swali kwisha. Tulimpeleka Dar es Salaam. Daktari alipokuwa akiuliza maswali kuhusu mtoto, mume wangu kila mara alikuwa akinigeukia mimi. Mwishowe daktari akacheka kwa upole, akasema hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na akanipa mimi dodoso la Shirika la Afya Duniani la watu wazima, maswali 18. Alisisitiza kwamba dodoso peke yake halithibitishi kitu. Alitaka kujua utoto wangu, kwa sababu dalili lazima ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane katika sehemu zaidi ya moja, si kazini tu. Tukampigia mama simu. Mama akasema, "Huyo ana mapepe tangu anatambaa." Akasimulia nilivyokuwa nikitumwa maji, na Newala ya wakati ule maji yalikuwa ya kupanga foleni tangu alfajiri, halafu ananikuta chini ya mwembe na ndoo tupu, foleni nimeipoteza. Nilichapwa sana kwa ajili ya ile ndoo.

Suala la dawa tuliliweka kando kwanza. Nina presha, na dawa kuu za ADHD zinaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari alitaka presha ishuke kabla ya uamuzi wowote. Akanishauri nitafute mtu wa kunisaidia mipangilio ya kila siku wakati nasubiri. Ndiyo nikaanza kutafuta kocha.

Wa kwanza nilimpata mtandaoni. Shilingi 180,000 kwa siku 21, kwenye kundi la watu wengi. Kila siku saa kumi na moja alfajiri ujumbe unaingia: amka, jitume, washindi hawalali. Hakuniuliza hata siku moja nafanya kazi gani. Siku ya tisa akaandika kwamba anayetaka "kupona kabisa" aachane na vidonge vya hospitali, na mimi nilikuwa nameza vidonge vya presha. Nikatoka siku hiyohiyo. Hela yangu hakuirudisha. Iliniuma kwa sababu neno jitume nimelisikia tangu utotoni, kwa mama, kwa walimu, kwa mwenyekiti wa chama, na kama lingekuwa linatosha, mzee wangu wa kofia asingekaa kwenye benchi lile. Tena hakuna kupona kwa siku 21 hapa. Hali hii mtu huzaliwa nayo na wengi huzeeka nayo. Kinachobadilika ni jinsi unavyoishi nayo.

Wa pili ni mama mmoja wa Mombasa. Nusu saa ya kwanza haikuwa ya kulipia. Kabla ya kuniuliza nataka nini, aliniuliza nani alinipima, nalala saa ngapi, natumia dawa gani. Akaniambia wazi kwamba yeye si daktari, kwamba ukocha si tiba, na kwamba utafiti juu yake bado ni mdogo ukilinganisha na ule wa dawa na wa tiba ya mazungumzo. Sikuwahi kusikia mtu anayeuza huduma akisema hivyo, na ndipo nikamwamini.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa. Kujiita kocha hakuhitaji leseni. Mtu yeyote anaweza kuamka leo na kujitangaza. Kuna shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, linalotoa ithibati kwa ngazi. Ngazi yake ya chini inadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi na wateja. Ithibati hiyo ni ya ukocha kwa ujumla, haisemi kama mtu anaijua ADHD, kwa hiyo muulize pia alisomea wapi ADHD yenyewe. Wangu alinitumia vyeti vyote viwili bila kununa.

Bei ni shilingi 50,000 kwa kikao cha dakika 45, mara moja kwa wiki, na katikati ya wiki unaweza kumtumia ujumbe wa sauti. Unalipa mwezi kwa mwezi. Kwa mshahara wangu ni hela nzito, nilitumia zamu yangu ya kikoba.

Tulianza Septemba, kabla minada haijafunguliwa. Wiki tatu za mwanzo hazikuzaa kitu. Aliniwekea programu ya kalenda kwenye simu, yenye kengele na rangi. Kengele inalia, nachukua simu niizime, naona ujumbe wa shangazi, najibu, nusu saa imepita. Nikamwambia, "Dada, simu ndiyo inayoniibia." Hakujitetea. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Dadangu, pale ofisini kwenu kuna kitu gani ambacho huwezi kupitisha siku bila kukitazama?"

Nikafikiri. Mizani. Msimu ukianza, macho yangu yako kwenye mizani kutwa nzima.

Basi tukapigilia kamba ukutani pembeni ya mizani, na juu yake vibanio vitano vya nguo. Kila jambo la mtu ambalo halijakamilika linaandikwa kwenye karatasi na kubanwa pale, jina la mkulima likiwa kwa herufi kubwa. Droo ikafungwa kwa ufunguo, ufunguo akapewa karani. Vibanio ni vitano tu, vikijaa siruhusiwi kupokea shida ya sita mpaka moja iondoke. Wakulima wenyewe wanaiona kamba. Kuna bibi mmoja kila akipita anahesabu karatasi kwa kidole, kisha ananiangalia. Tangu Oktoba hakuna karatasi iliyokaa pale zaidi ya siku tatu.

Kocha alinieleza kwa nini inafanya kazi, kwa kutumia hoja ya Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza ADHD kwa miaka mingi: kwamba shida yetu kubwa haiko kwenye kujua la kufanya, iko kwenye kulifanya wakati wake unapofika. Kwa hiyo msaada unatakiwa uwe palepale kazi inapofanyika, kwa kitu unachokiona na kukishika. Mimi nilikuwa nimehudhuria semina tatu za utunzaji wa kumbukumbu. Nilijua kila kitu. Ningeweza hata kuifundisha ile semina.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni vikao vya usiku. Orodha ya malipo ya mnada wa kwanza ilitakiwa asubuhi, na mimi huwa nakwama kwenye kuhakiki. Narudia mstari mmoja mara nne, naamka kunywa maji, nakuta nimeanza kufagia jiko. Kocha akasema, "Leo hatuongei. Tutakaa tu." Saa mbili usiku akawasha video kule kwake Mombasa, akaanza kupanga stakabadhi zake mezani. Mimi huku nikafungua daftari. Nilikuwa na sahani mbili, moja ina korosho kumi za kukaanga, nyingine tupu. Rula chini ya mstari, nasoma namba kutoka mwisho kurudi mwanzo, tarakimu mbili mbili, kwa sauti ya chini. Nikimaliza majina ishirini, nahamisha korosho moja. Mume wangu akapita, akachungulia simu, akaninong'oneza, "Mbona hamwongei? Na unalipia?" Nikamwashiria asubiri. Katikati mtandao ukakatika, picha ikaganda, nikaanza kusikia miguu inataka kusimama. Ukaingia ujumbe wa sauti wa sekunde mbili: "Nipo, dadangu." Nikaendelea.

Saa nne na nusu sahani ya kulia ilikuwa na korosho kumi. Nilikamata makosa mawili usiku ule, na moja lilikuwa 3 badala ya 8. Nilifunga daftari nikakaa palepale. Mume wangu alikuja akanikalisha vizuri, hakuuliza tena habari ya malipo.

Vikao vya namna hiyo vilikuwa vitatu tu. Kabla ya cha nne, kocha aliniuliza ni nani huku anaweza kukaa nami. Nikamtaja karani wetu, kijana mtulivu wa miaka ishirini na kitu. Sasa yeye ndiye anayekaa. Ananisomea kutoka kwenye fomu ya mkulima, mimi nafuata kwenye orodha. Hapo nikaelewa kwamba mama yule tangu mwanzo alikuwa akitafuta njia ya kuniachia kazi ifanyike bila yeye. Mwenye tamaa ya hela asingefanya hivyo.

Yapo niliyolalamikia, na nilimweleza mwenyewe. Hakuujua msimu wa korosho. Novemba, wakati sisi tunalala ofisini, aliniwekea lengo la kupanga upya makabrasha ya miaka mitano. Nilishindwa, nikajisikia vibaya wiki nzima, nikakaribia kuacha. Ilibidi nimchoree kwenye karatasi mwaka wetu ulivyo, kuanzia salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mpaka mnada wa mwisho, ndipo akaelewa. Angeuliza mwanzoni. Pia mvua zilipoanza, vikao vitatu vilikuwa vya sauti tu kwa sababu video haikushika, na kwangu mimi sauti bila sura inanipotea haraka. Alinifidia kikao kimoja, si vyote vitatu.

Na kuna sehemu ambayo ukocha haukuigusa kabisa. Ile aibu. Miaka ya kuitwa mzembe, ndoo, fimbo, benchi. Siku niliyoanza kuizungumza nikalia kikao kizima, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hili ni la mtu wa ushauri nasaha na yeye hana ujuzi nalo. Alinikumbusha kila wiki mpaka nikaenda. Naendelea nako huko, ni safari nyingine. Nyumbani pia bado. Ming'oko imeniungulia jikoni mara mbili mwezi huu, na sare za mtoto bado anazikumbuka baba yake.

Msimu uliopita nilitayarisha orodha zote za minada yetu na hakuna fedha ya mkulima iliyorudi kwa kosa la namba. Yule mzee alileta magunia yake Desemba. Nilimwonyesha jina lake, akavaa miwani, akaipitia akaunti yake tarakimu kwa tarakimu akiifuatisha na kadi ya benki, nami nikasubiri amalize.

Nikihesabu fedha na nilichopata, namkubali kocha huyu kwa moyo mweupe, kwa mtu ambaye ameshapimwa, ana kazi inayoumiza wengine akisahau, na anaweza kupata mtandao wa kuaminika walau mara moja kwa wiki. Ambaye bado hajapimwa aanze hospitali. Mimi tangu Januari nilipunguza nikawa namwona mara moja kwa mwezi. Jana nimelipia tena vikao vya kila wiki kuanzia Mei, ugawaji wa salfa unapoanza, na safari hii kalenda ya msimu nimemtumia mapema.