Siku mbili Dubna, mji mdogo wa Urusi uliomo kwenye jedwali la elementi

Nilifundisha kemia Morogoro miaka minne kabla sijaja Moscow kusoma. Kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Pili walikariri elementi 20 za mwanzo, kuanzia haidrojeni hadi kalsiamu, na kila mwaka hakukosekana mmoja wa kutupa jicho chini kabisa ya jedwali na kuuliza, "Mwalimu, na hizi za huku chini zimetoka wapi?" Sikuwa na jibu la kutosha. Nilimwambia namba 105, dubniamu, imepewa jina la mji fulani Urusi, kisha tukaendelea na somo. Juni iliyopita nikaenda kuuona huo mji.

Dubna iko kama kilomita 125 kaskazini mwa Moscow, ukingoni mwa mto Volga. Treni zinaondokea stesheni ya Savyolovsky, na ukipata ya haraka unafika kwa kama saa mbili. Angalia usichanganye vituo: kwanza unafika Bolshaya Volga, kisha Dubna yenyewe, na kati ya viwili hivyo ni mbali kwa mguu ukiwa na begi. Beba rubli taslimu, maana tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard za benki za nje hazifanyi kazi Urusi.

Jambo la malazi liliniumiza. Nyumba ya wageni niliyokuwa nimeweka nafasi ilinikatalia mlangoni baada ya kuona pasipoti. Wakasema hawaandikishi wageni kutoka nje ya nchi. Nilikuwa nimechoka, mvua inanyesha, na hakuna aliyenielekeza pa kwenda. Hoteli ya pili, karibu na mto, walinipokea vizuri na kuniandikisha kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo piga simu kabla, uliza swali hilo moja, na usiridhike na jibu la nusu nusu.

Sasa niseme kuhusu Taasisi ya Pamoja ya Utafiti wa Nyuklia, ambayo ndiyo roho ya mji. Ilianzishwa Machi 1956 na nchi 11, ingawa mashine ya kwanza ya kuongezea chembe mwendo ilikuwa imeshaanza kazi tangu Desemba 1949, wakati mahali hapa palikuwa siri. Usitegemee kuingia ndani hivi hivi. Kuna geti, kuna walinzi, na kibali kinaombwa mapema. Mimi sikuwa nacho, nikaenda kwenye makumbusho ya taasisi, na kwangu hiyo peke yake ilitosha kulipia safari nzima.

Mama aliyetuongoza mle ndani aliposikia nilikuwa mwalimu wa kemia alichukua karatasi. Akaandika 20, akaandika 98, akajumlisha: 118. Akanieleza taratibu, kwa Kirusi chepesi ninachokielewa. Wanachukua atomu za kalsiamu, zile adimu zenye nyutroni (chembe za ndani ya kiini cha atomu) 28 badala ya 20 za kawaida, wanazirusha kwa mwendo unaokaribia sehemu moja ya kumi ya mwendo wa mwanga, zigonge kaliforniamu, elementi ya 98. Mara nyingi mno viini hivyo viwili vinagongana na kusambaratika. Mara chache sana vinashikana, na hapo inazaliwa elementi ya 118, inayodumu kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Majaribio yanaendelea kwa miezi, na mavuno yake ni atomu za kuhesabu kwa vidole. Kaliforniamu yenyewe ilitoka Marekani, na wanasayansi wa huko walishiriki kazi hiyo.

Nilisimama pale nikiwakumbuka wanafunzi wangu. Kalsiamu ndiyo ya mwisho katika zile 20 tunazowakaririsha. Nilikuwa naitaja kila mwaka kama mwisho wa orodha, kumbe kuna watu walioichukua hiyo hiyo wakaifikisha mwisho wa jedwali zima. Mwaka 2016 elementi ya 118 ilipewa jina la Yuri Oganessian, aliyeongoza utafiti huo, akiwa bado hai. Kabla yake ni mtu mmoja tu aliyewahi kupata heshima hiyo angali hai, Mmarekani Glenn Seaborg. Maabara yenyewe inaitwa kwa jina la Georgy Flerov, ambalo limo pia ndani ya elementi ya 114. Huyu Flerov mwaka 1942, akiwa kijana jeshini, aligundua kwamba majarida ya Marekani yameacha ghafla kuchapisha habari za kupasua atomu, akaelewa kwamba bomu la nyuklia linatafutwa kwa siri, akamwandikia barua Stalin, kiongozi wa nchi wakati huo.

Mji wenyewe ni wa misonobari. Miti imeachwa isimame kati ya nyumba, na ukitembea asubuhi unasikia harufu ya utomvu wake. Mitaa ina majina ya wanafizikia: Joliot-Curie, Kurchatov, Veksler, Pontecorvo. Bruno Pontecorvo alikuwa Mwitalia aliyehamia Urusi ya Kisovieti mwaka 1950, akaishi hapa mpaka alipofariki 1993. Nusu ya majivu yake imezikwa Dubna, nusu Roma. Iko sanamu yake akiwa na baiskeli, anazungumza na mwenzake, imesimama chini kabisa usawa wa wapita njia, na watoto wanaishika mikono. Kodi baiskeli na wewe. Ni njia bora kuliko teksi, kwa sababu ardhi ni tambarare na barabara ya kando ya Volga ni tulivu.

Siku ya pili nilienda mahali Mfereji wa Moscow unapoanzia. Kuna sanamu ya Lenin ya mawe, mita 25 bila kuhesabu msingi iliposimama, na ukisimama chini yake shingo inauma. Ng'ambo ya pili ilikuwapo ya Stalin. Iliondolewa miaka ya mwanzo ya 1960, na kilichobaki ni msingi mtupu. Mfereji huu wa kilomita 128 ulichimbwa kati ya 1932 na 1937 na wafungwa wa kambi ya Dmitlag, na maelfu yao walifia kazini. Bwawa lililo hapo juu watu wanaliita Bahari ya Moscow, na mji wa Korcheva umelala chini ya maji yake. Niliwaona watu wakiogelea na kupiga picha za harusi karibu na hapo. Mimi nilikaa kimya kwa muda. Nadhani anayekuja Dubna kushangilia sayansi afike na hapa pia, maana maji ni yale yale.

Jioni nilimalizia Ratmino, mahali mto Dubna unapoingia Volga. Kuna kanisa dogo la Kiorthodoksi la karne ya 19 na nyasi ndefu, na watu wazima wanavua samaki bila maneno mengi. Saa tatu usiku jua ndiyo kwanza linazama. Dawa ya mbu ni lazima, mbu wa Juni hapa hawana huruma hata kwa mtu aliyezoea wa Kilombero.

Chakula: tafuta stolovaya, mgahawa wa kujihudumia, ule supu ya borsch na uji mgumu wa nafaka iitwayo grechka. Asiyekula nguruwe aulize kila kitoweo kabla hajachukua. Na ukirudi kwa treni ya kawaida unaweza kushuka Verbilki, palipo na kiwanda cha vyombo vya kaure kilichoanzishwa 1766. Mimi nilinunua kikombe kimoja cheupe chenye maua ya buluu. Ile karatasi ya 20 na 98 niliyopewa na mama wa makumbusho nimeipiga picha, nikaituma kwa mwalimu aliyechukua nafasi yangu Morogoro. Amenijibu kwamba ameibandika ukutani maabara, chini ya jedwali.