Tathmini ya Nyumba ya Makazi Yenye Usaidizi: Nani Anaamua Saa ya Kulala?

Nyumba ninayoitathmini hapa ni makazi yenye usaidizi ya watu wazima wanne wenye mahitaji changamano. Mmoja wao ni mdogo wangu wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye ulemavu wa akili na wa viungo pamoja na kifafa, na asiyezungumza kwa maneno. Amekaa humo zaidi ya mwaka sasa, muda unaotosha kuiona nyumba ikiwa na wageni na ikiwa haina, siku wahudumu walipotimia na siku walipopungua. Jina la nyumba silitaji, kwa kuwa ni maskani ya watu na wenyewe hawajaomba kutangazwa. Ninawaandikia ndugu wanaomtafutia mtu wao mahali pa kuishi, ambao huonyeshwa nyumba kama hizi saa nne asubuhi, zikiwa zimefagiliwa na wahudumu wote wapo; na wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwanza mpangilio wenyewe, kwa sababu wengi huchanganya makazi ya aina hii na kituo cha kulelea. Katika kituo, kitanda na huduma huwa kitu kimoja, hivyo mkikosana na watoa huduma umepoteza na pa kulala. Hapa mdogo wangu ni mpangaji mwenye mkataba wake wa nyumba, na huduma anazopata ziko chini ya mkataba mwingine na kampuni nyingine, kwa hiyo huduma ikidorora anaweza kubadilishiwa watoa huduma bila kuhamishwa chumba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu awe na nafasi ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao sawa na wengine, na asilazimishwe kuishi katika mpangilio fulani wa makazi. Katika nyumba hii haki hiyo inaonekana kwa mambo yanayoweza kudhaniwa madogo: wahudumu hupiga hodi mlangoni mwa chumba na kungoja kidogo hata kwa mtu asiyeweza kujibu "karibu", barua zake hufunguliwa mbele yake, na hakuna anayeingia chumbani mwake kupanga vitu yeye akiwa matembezini.

Jengo limefikiriwa vizuri na sitalizungumzia sana. Milango inapitisha kiti cha magurudumu bila kukwaruza vidole, sakafu ya bafu iko usawa mmoja na ya chumba, na reli ya mashine ya kumnyanyulia imepita darini kutoka juu ya kitanda hadi bafuni, hivyo hapitishwi koridoni akiwa amefunikwa taulo. Hilo la mwisho ninalithamini kuliko bustani na rangi za ukuta ambazo wageni huonyeshwa kwanza.

Jambo lililonifanya niandike ni saa ya kulala. Nilipoanza kumtembelea jioni, niliona kwamba ikifika saa moja na nusu usiku wapangaji wote wanne walikuwa wameshaogeshwa, wamevishwa nguo za kulalia na wamelazwa, taa zimezimwa, ilhali nje watu bado wanapita wakizungumza. Mdogo wangu tangu utotoni si mtu wa kulala mapema. Tulipokuwa naye nyumbani alikaa na sisi hadi saa nne akisikiliza muziki redioni, na akilazwa kabla ya hapo hukodoa macho gizani kwa muda mrefu. Sababu ya kuwalaza mapema haikuwa ukatili wala uvivu. Kumhamisha mtu kwa mashine ya kunyanyulia kunahitaji wahudumu wawili, mmoja wa kuiongoza mashine na mwingine wa kuushika na kuutuliza mwili, na zamu ya mchana ilikuwa ikimalizika saa mbili usiku na kumwachia nyumba mhudumu mmoja tu wa usiku. Ambaye hakulazwa kabla ya saa mbili angekaa kitini hadi asubuhi. Kwa hiyo ratiba ya wafanyakazi ndiyo iliyokuwa ikiwalaza watu wazima, na kwa kuwa mpango wa huduma wa kila mmoja uliandikwa "hupendelea kulala mapema", karatasini kila kitu kilikaa sawa.

Tena kwa mtu asiyeweza kujigeuza, takriban saa kumi na mbili kitandani si suala la starehe tu. Ngozi ya nyonga, ya mgongo wa chini na ya visigino hukosa damu inapokandamizwa muda mrefu, na vidonda vya kulalia huanza hivyo, kwa wekundu usioondoka, kabla ngozi haijachanika. Mhudumu mmoja wa usiku anayepaswa kuwageuza watu wanne, kubadilisha nguo zilizolowa na kumwangalia mwenye kifafa, ana kazi ya kutosha kabla hata hajaongezewa saa ambazo hazikuwa na ulazima.

Tatizo hili ni la zamani na lilikwisha kutajwa na watu walioanza kuyafikiria upya maisha ya aina hii. Bengt Nirje wa Sweden, alipoeleza mwaka 1969 kwamba siku ya mtu mwenye ulemavu wa akili ifuate mwendo uleule wa siku za watu wengine, alilisema wazi: mtu asipelekwe kitandani kabla ya wadogo zake kwa sababu tu ana ulemavu, wala asilazwe mapema mno kwa sababu wafanyakazi ni wachache. Zaidi ya miongo mitatu baadaye, bendi ya Heavy Load ya Uingereza, ambayo baadhi ya wanamuziki wake walikuwa na ulemavu wa akili, ilikuwa ikiwaona mashabiki wake wakiondoka ukumbini saa tatu usiku muziki ukiwa umekolea, kwa kuwa zamu za wahudumu waliowaleta ziliisha saa nne. Wanamuziki hao wakaanzisha kampeni ya kudai kwamba watu wazima wenye ulemavu waweze kuchelewa kulala wakitaka.

Ninaisifu nyumba hii kwa kile ilichofanya familia zilipolileta suala hilo mezani. Meneja hakutuambia kwamba bajeti hairuhusu. Aliitazama ratiba nzima, akaona kwamba saa moja asubuhi walikuwepo wahudumu watatu wakati wapangaji wawili bado wamelala, akamhamisha mmoja wao kwenye zamu inayoanza saa nane mchana na kumalizika saa nne na nusu usiku. Hakuongeza mfanyakazi hata mmoja. Mama mmoja kati ya wapangaji, ambaye kweli anapenda kulala mapema, bado hulala saa moja na nusu. Mdogo wangu hukaa sebuleni na redio yake, na anapoanza kuegemeza kichwa upande wa kushoto wahudumu wanajua kwamba amechoka. Mpango wake wa huduma sasa umeandikwa alama hiyo badala ya saa.

Uwezo wa kuisoma miili namna hiyo ndio ubora mkubwa wa wahudumu wa kudumu wa nyumba hii. Mhudumu mmoja wa asubuhi humshikia mdogo wangu mashati mawili, moja mkono wa kulia na jingine wa kushoto, katika usawa wa macho yake, kisha hunyamaza. Halinyanyui moja juu kuliko jingine wala harudii swali. Macho huenda kwanza dirishani, hurudi, hutulia kidogo kwenye shati la bluu, halafu huhamia kwenye la njano na kubaki hapo. Ndipo mhudumu husema, "Haya, la njano," na kulirudisha la bluu kabatini mbele yake, ili aone kwamba jibu lake limepokelewa. Mama yetu aliposhindwa kuvumilia ukimya huo na kutaka kumchagulia, aliambiwa kwa upole, "Mama, tumpe muda, bado anafikiri." Ninaamini kwamba watu wengi walioandikwa kuwa hawana uwezo wa kuchagua waliacha kujibu kwa sababu waliokuwa wakiwauliza hawakungoja.

Chakula nacho kimepewa uzito kinaostahili. Mtu mwenye shida ya kumeza anaweza kuvuta chakula au kinywaji kwenye njia ya hewa bila hata kukohoa, na nimonia ikafuata. Nyumba inatumia viwango vya kimataifa vya IDDSI, vinavyopanga vinywaji na vyakula kuanzia 0 hadi 7 kulingana na uzito na ulaini wake, na kila mpangaji ana kiwango chake kilichopangwa na mtaalamu. Mhudumu anayemlisha huketi, hasimami. Huleta kijiko kutoka chini ili kidevu kisiinuke, na hatii kijiko kingine kabla ya kuona koo limemeza. Baada ya mlo mdogo wangu hubaki ameketi wima kwa muda, hata kama zamu ina haraka.

Kuhusu kifafa, wahudumu huangalia saa mara degedege linapoanza, kwa kuwa likizidi dakika tano ni dharura, na dawa ya kulikatiza iko mahali ambapo kila mmoja anapajua. Niliridhika zaidi na namna wanavyoushughulikia mwenendo wake anapojiuma mkono. Katika makazi mengi jambo hilo lingeitwa tabia mbaya na kuishia kwenye dawa za kutuliza akili, ambazo watu wengi wenye ulemavu wa akili wamepewa kwa miaka bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji. Hapa swali la kwanza ni wapi panauma: hutazamwa meno, masikio, na daftari la choo, maana kufunga choo kunaweza kumtesa mtu asiyeweza kusema na hata kumuua. Mara ya mwisho chanzo kilikuwa jino, na lilipotibiwa mkono ukapona.

Udhaifu wa nyumba uko mwishoni mwa wiki. Wahudumu wa kudumu wanapopungua huletwa wa muda kutoka kwa wakala, na hawa hupewa karatasi moja ya maelezo ambayo haiwezi kuwafundisha macho ya mdogo wangu. Jumapili moja nilikuta mlo wake wote umesagwa pamoja kuwa uji wa rangi moja, wakati maelekezo yanasema kila chakula kisagwe peke yake ili asikie ladha tofauti. Baadhi yao humwita "mtoto", na mtu mzima mwenye ndevu hapaswi kuitwa hivyo nyumbani kwake. Lipo pia suala la mpangaji mpya aliyeletwa chumba kilipobaki wazi, baada ya kukutana na wenzake mara moja tu. Wanaelewana, lakini ibara ile ya 19 inataja pia watu wa kuishi nao, na hapo nyumba ilikwenda haraka mno.

Nyumba hii haimfai mtu anayehitaji muuguzi saa zote, kwa mfano anayepumua kwa mashine, kwa kuwa muuguzi huja kwa ratiba na halali hapo. Kwa wengine, ninashauri mwombe kutembelea saa mbili usiku, na mwombe kuona ratiba halisi ya Jumamosi na Jumapili zilizopita, iliyoandikwa nani alikuja na nani hakuja; hapa walinionyesha bila kusita. Meneja amekubali kwa maandishi kwamba mhudumu wa muda hatafanya kazi na mdogo wangu kabla ya kushinda zamu moja nzima pamoja na mhudumu anayemfahamu. Ninaipa nyumba nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano nimeizuia hadi nione makubaliano hayo yakitekelezwa.