Chupa ya kuziba oili: yafaa pikapu mzee?

Haya, karibuni ndugu zangu. Leo tuko Changamwe, na hii hapa ni Hilux ya dizeli, injini ya 5L, hilo ni jina la injini, si lita tano. Odomita yasoma kilomita 400,000 na ushei, na kazi yake ni kuteremsha nazi kutoka Kaloleni. Inavuja oili, na mwenyewe kanunua chupa ya dawa ya kuziba uvujaji, ataka kujua aimimine au ni pesa za bure.

Kwanza tujue oili yatokea wapi. Watu waona tone chini ya giaboksi, wasema sili ya nyuma ya krenki, yaani raba izuiayo oili kwenye shafti kuu ya injini, imekufa, na giaboksi lashushwa. Ghali hiyo! Oili hushuka, na gari likienda upepo waisukuma nyuma, kwa hivyo anza kutafuta juu. Tumeosha injini, ikakauka, tukainyunyizia poda ya mtoto, ndiyo, ile ya dukani, kisha tukazunguka nayo mpaka Mikindani. Leta kamera hapa. Mwaona? Poda imekuwa tope kwenye ukingo wa nyuma wa kifuniko cha valvu, halafu kijifereji chembamba kimeshuka hadi giaboksi linapoungana na injini.

Sasa chupa. Ndani mna kemikali ya kulainisha na kuvimbisha kidogo raba iliyokauka. Sili inayotoa jasho tu, mimina, endesha siku kadhaa, huenda ikatulia. Lakini gasketi hii, yaani utepe wa kuziba mwanya chini ya kifuniko cha valvu, tazameni, naikunja... tak! Imekatika. Hapo hakuna dawa. Oili nzito ya 20W-50 nayo itapunguza matone, ufa uko palepale.

Weka gasketi mpya ya raba. Futa pande zote mbili mpaka chuma kiwe kikavu, silikoni iguse pembe tu. Mafundi wengine huipaka kama siagi kwenye mkate! Inayozidi hubanwa ikaingia ndani, ikaanguka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikaziba chujio la pampu, na injini ikakosa oili. Bolti kaza kidogo kidogo, ukianzia katikati. Ukizikaza kwa hasira kifuniko chapinda.

Halafu mpira wa kupumulia injini, huu hapa, umejaa masizi. Ukizibika, presha ya ndani yatafuta njia, na gasketi mpya itavuja vilevile. Usafishe au ununue mwingine, bei yake si kitu.

Mimi chupa naipa nusu ya alama, tena kwa sili za raba peke yake. Ila oili ikitoka mbele, kwenye sili ya krenki, usijaribu hata kuifungua. Pale ndipo belti ya taimingi ilipo, ile inayopatanisha mwendo wa krenki na valvu, na oili huila. Ikikatika, pistoni zagonga valvu. Mwambie fundi abadilishe sili na belti pamoja, maana kazi ya kufungua ni ile ile moja.