Ripoti za Sensa ya 2019: Majiko Yamehesabiwa Vizuri, Familia Hazionekani

Majuzuu manne ya sensa ya Kenya ya 2019 yanapatikana bure kwenye tovuti ya KNBS, shirika la taifa la takwimu. Anayepanga kugawa neti za mbu Seme au kuvuta maji Manyatta, huko Kisumu, atayahitaji, na kwa kazi nyingi yanatosha. Lakini ukitafuta humo idadi ya familia zinazoishi pamoja ndani ya kaya moja, utakwama.

Sensa ya Kenya haihesabu paa wala ndoa. Kaya ni mtu au watu wanaoishi boma moja, hata wakilala nyumba tofauti, mradi wapike pamoja na wawe chini ya mkuu mmoja. Hapa ndipo kazi ilipofanywa vizuri mno, kwa sababu kipimo hiki kinaenda na maboma ya Nyanza na Magharibi. Dala, yaani boma la Kiluo, yenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake, ni kaya mbili, na mume anaandikwa kwa mke aliyelala kwake usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019. Kijana anayelala kwenye simba, nyumba ya mwana wa kiume bomani, lakini anakula kwa mamake ni wa kaya ya mamake. Akioa, na mkewe akawa anapika pamoja na mama mkwe, bado ni kaya moja. Siku mke huyo atakapowasha moto wake mwenyewe, kaya zinakuwa mbili ingawa hakuna aliyehama.

Marekani huanza na nyumba yenyewe: wote wanaoishi humo ni kaya moja, na wanandoa au mzazi na watoto wanaoishi kwa jamaa zao huitwa familia ndogo ndani ya kaya hiyo. Kipimo hicho kingeletwa Seme, boma linalokula chungu kimoja lingekatwakatwa kufuata kuta. Lakini wana kitu tunachokikosa: ile familia ndogo.

Kwetu kila mtu anaulizwa uhusiano wake na mkuu wa kaya peke yake. Chukua nyanya mjane kama mkuu, anaishi na mwanawe aliyeoa, mke wa mwana, watoto wao watatu, na binti aliyerudi nyumbani na watoto wawili. Orodha itasoma: mkuu, mwana, mkwe, binti, na wajukuu watano. Wajukuu wa nani? Safu hiyo haisemi. Sasa mjibu swali amtaje mwana kuwa mkuu, jambo la kawaida kabisa mwanamume akiwepo nyumbani. Watu ni walewale tisa, ila nyanya amegeuka mzazi, binti amekuwa dada, watatu ni wana na wawili ni wapwa. Mama mwenye watoto wawili anayehitaji msaada hatambuliki kama familia katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Jedwali la ukubwa wa kaya litaonyesha tu kaya moja ya watu tisa.

Ndiyo maana wastani wa watu kwa kaya usisomwe kama ukubwa wa familia. Kakamega ni 4.3, Kisumu 3.8, Nakuru 3.5. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na vyumba vya kupanga: kule Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, mpangaji anayeishi na kupika peke yake ni kaya kamili, hata kama mkewe na watoto wako Butere, Kakamega. Wawili wasio ndugu wakipika pamoja chumba kimoja ni kaya moja, mmoja akiandikwa kuwa si jamaa.

Tahadhari mbili kwa mtumiaji. Jedwali la njia kuu ya kutupa uchafu wa choo, Juzuu IV, linahesabu kaya, si vyoo. Kaya nane za ploti zinazotumia choo kimoja zimeingia mara nane. Pia jumla ya kaya 12,143,913 ina makao ya pamoja kama mabweni na magereza. Kaya za kawaida ni 12,043,016. Usigawanye namba za jedwali moja kwa jumla ya jingine.

Anayehitaji familia zenyewe aache majuzuu na atafute rekodi za mtu mmoja mmoja. Hifadhi ya IPUMS ya Chuo Kikuu cha Minnesota ina sampuli za sensa zetu, ikiwemo ya 2009, zenye safu zinazomwelekeza mtoto kwa mama na mke kwa mume. Viungo hivyo vimekisiwa kutokana na uhusiano na mkuu wa kaya, umri, hali ya ndoa na mpangilio wa watu katika orodha ya kaya, hivyo kwa wajukuu wa mabinti wawili vichunguzwe kwa makini.

Kwa KNBS, dawa ni safu moja tu katika hojaji ya 2029: namba ya mstari wa mama, kwa kila mtoto ambaye mamake yumo katika kaya. Kwa anayegawa neti wiki ijayo, aulize mlangoni nani anapika na nani, kisha kila mtoto aandikwe chini ya mzazi au mlezi anayelala naye.