Vakyumu ilinuka kuungua, fundi akataka kusuka mota

Niliichukua ya mtumba kutoka Uingereza, ile ya kusimama yenye mpini mrefu, kwa shilingi 120,000. Plagi yake ni ya pini tatu kama zetu na inatumia volti 230, kwa hiyo habari za transfoma hazikuwepo. (Dada yangu aliletewa ya Marekani ya volti 120, akaichomeka hivihivi. Ile haikunuka kuungua, iliungua.)

Miezi minne imefyonza zulia la sebuleni bila neno. Jumamosi moja ikaanza kunuka kama ndala iliyoangukia jiko la mkaa. Nikachomoa, nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Akanusa tu, skrubu hata moja hakugusa: mota imekwisha, isukwe waya upya, 60,000. Nikamwambia nitarudi.

Nyumbani nikailaza kifudifudi juu ya gazeti, nikafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ya nyota. Rola ya brashi haizunguki hata kwa mkono! Rasta za binti yangu, nyeusi na za bluu, zimejizungusha pale kama uzi kwenye kibiringo. Mota inazunguka, brashi imekwama, basi mkanda wa mpira unaoziunganisha unasuguliwa palepale. Wangu ulikuwa umelegea, upande mmoja unang'aa kama umepigwa kiwi. Fundi alitaka kusuka, kumbe kazi ilikuwa ya kufumua. Nusu saa nzima nakata kwa wembe.

Mkanda mpya nimeupata Kariakoo kwa 8,000, duka la nne. Nenda na ule wa zamani ukapimishe, maana vipimo havilingani. Nikaosha pia chujio la sponji, kwa sababu hewa inayopita humo ndiyo inayopoza mota. Likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Langu nililianika siku nzima.

Harufu ya mpira imeisha. Ingekuwa harufu kali ya waya, au moshi na cheche, nisingejifanya fundi, hapo huenda ni kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka) au mota kweli.

Mashine yenyewe naipa nyota 4. Inavuta mpaka mchanga wa chini ya zulia, ila waya wake ni mfupi na kelele zake jirani anazijua.

Kusukana sasa ni barazani.