Fidla au chelo kwa mtoto wa darasa la 6?
Shule nyingi za Marekani huanza okestra darasa la 6, na mzazi huulizwa mapema: fidla au chelo, ile kama fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa? Fidla mtoto anaitia begani na kupanda nayo basi la shule. Chelo ni mzigo hasa; wengine hupiga ya shule darasani na kukodi nyingine ya nyumbani.

Ila miezi ya mwanzo fidla hutesa masikio. Kidole kikiteleza milimita mbili tu, sauti imeshapinda, na huku kidevu kinatakiwa kuishikilia. Wa chelo yeye kakaa zake, kaibana kwa magoti.

Masharti mengine hayabagui: kucha fupi, mazoezi kila siku, upinde wa kupigia ulegezwe kabla ya kufungiwa kwenye kasha. Mimi ningechagua chelo, mradi uwe na gari.