Nyuzi za waya bapa kwenye Precision: uzoefu wangu jukwaani

Hukumu yangu naiweka mbele kwa mwenye haraka. Seti ya La Bella Deep Talkin' Bass, zile nyuzi za chuma cha pua zilizozungushiwa waya bapa, imebadilisha kazi yangu ya jukwaani kuliko amplifaya yoyote niliyowahi kubeba. Nimezifunga kwenye gitaa langu la besi, Fender Precision ya nyuzi 4, na hazijatoka. Kama unapiga na bendi yenye watu wengi, nazipendekeza bila kusita. Kama chakula chako kinatokana na kugonga nyuzi kwa dole gumba na kuzifyatua, usizinunue.

Uzi wa besi una kiini cha chuma, na juu yake kuna waya uliozungushwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nyuzi nyingi tunazokuta kwenye besi mpya zina waya wa duara. Pitisha kidole juu yake utahisi vijimgongo. Hivyo ndivyo vinavyotoa ule mkwaruzo unapohamisha mkono, vinakula freti (vile vyuma vilivyopachikwa shingoni) taratibu, na katikati yake jasho na uchafu hujificha hadi mng'ao wa sauti unakwisha. Waya bapa ni utepe. Uso wake ni laini, hauna pa kuficha uchafu, na mkono unateleza kimya. Sauti inakuja nzito na fupi kidogo: mwanzo wa noti unasikika vizuri, kisha noti inakaa chini pale inapotakiwa, bila kulia ovyo kule juu.

Ukiijaribu ukiwa peke yako chumbani, huenda usiipende. Mimi mwenyewe naukubali utamu wa nyuzi mpya za duara pale ambapo hakuna mwingine anayepiga. Tatizo ni kwamba hatulipwi kupiga peke yetu. Uzi wa E ukiachwa wazi unatoa Hz 41.2, yaani mitetemo 41.2 kwa sekunde, A ni 55, D ni 73.4 na G ni 98. Spika nyingi za ukumbini haziwezi kuitoa ile 41 kwa nguvu. Kinachomfikia msikilizaji ni oktava yake, 82, na sauti nyingine zinazopanda juu yake, halafu sikio lenyewe linaunganisha na kusikia E ya chini. Eneo la besi ni hapo, kuanzia kama 80 hadi mia chache. Ukipanda zaidi unakuta magitaa, kinanda, matoazi na waimbaji, wote wanagombania nafasi. Mng'ao wa nyuzi za duara unaingia katika ugomvi huo na unashindwa, kisha mpiga besi anaongeza sauti, gitaa linaongeza, na fundi mitambo anabaki kushika kichwa.

Nilipofunga waya bapa, nilianza kusikika kwa sauti ndogo zaidi. Mpiga dramu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligundua: alisema sasa anajua mguu wake uangukie wapi. Kwangu mimi sifa hiyo inatosha.

Besi yenyewe nayo ina mchango. Precision ya kwanza ya Leo Fender, ya mwaka 1951, ilikuwa na pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya koili moja. Mwaka 1957 ikaja pikapu iliyogawanywa vipande viwili, kimoja chini ya E na A, kingine chini ya D na G, koili zake zikiwa zimepangwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Jukwaani, penye taa na nyaya za kila aina, hilo ni jambo kubwa. Vitufe ni viwili tu, cha sauti na cha toni, na ndani hakuna betri. Nimesimama karibu na mwenzangu ambaye betri ya besi yake ilikata katikati ya wimbo wa harusi, maharusi wakiwa wanaingia. Besi za betri zina uzuri wake, hasa kwa anayetaka kupanga sauti kwa undani, lakini mimi nataka chombo ambacho kisipolia najua moja kwa moja kuwa ni kebo.

Kuhusu ndoa ya Precision na nyuzi hizi, mfano mkubwa ni James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit miaka ya 1960. Alikuwa na Precision ya mwaka 1962, nyuzi za La Bella za waya bapa, kipande cha sponji cha kubana sauti karibu na brigi (pale nyuzi zinaposhikwa mwilini), na kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Nyuzi hakubadilisha mpaka ukatike uzi. Sikiliza jinsi kila noti yake inavyosikika ingawa nyuma yake kuna ala tele. Upande wa pili yuko John Entwistle wa bendi ya roki ya The Who, aliyefanya kazi na watengeneza nyuzi wa Rotosound miaka hiyohiyo kupata nyuzi za waya wa duara zinazong'aa kama alivyotaka. Ile ngurumo yake ya juu haiwezi kutoka kwenye waya bapa hata kidogo, kwa hiyo anayeitafuta asipoteze pesa huku.

Sasa kufunga. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa mapema, nami naomba uwe na subira. Seti yangu ni ile ya inchi 0.043 hadi 0.104. Kwa unene haipishani sana na seti ya kawaida, lakini waya bapa haubakizi nafasi tupu, chuma kinakuwa kingi, na mvuto unapanda. Shingo ya besi itainama mbele. Fundi wako akaze fimbo ya ndani ya shingo kidogokidogo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, aiache itulie, ndipo apime tena. Mimi napenda nyuzi ziwe juu ya freti ya 12 kwa karibu milimita 2 na nusu upande wa E na 2 upande wa G. Baada ya hapo tuni zipimwe upya kwenye brigi, la sivyo utapiga noti za juu zikiwa zimepotoka kidogo na waimbaji watakuangalia kwa jicho baya. Ile seti nzito ya 0.052 hadi 0.110, yenye jina la Jamerson, ni ya mikono iliyozoea. Siyo pa kuanzia.

Kuna mambo mawili ambayo sikuyaona yakiandikwa kwa herufi kubwa popote. Uzi ukiwa mrefu, ukunje kwanza kwa pembe kali pale utakapokatia, ndipo ukate. Ukikata moja kwa moja utepe unaweza kuanza kufunguka na uzi ukafa kabla haujapigwa. La pili, sehemu inayozunguka kwenye kigingi cha kutunia iwe ile nyembamba iliyofungwa hariri, isiwe ule mwili mnene wa uzi. Ndiyo maana ni lazima ununue urefu unaolingana na besi yako. Precision ni inchi 34. Na kama besi yako inapitisha nyuzi ndani ya mwili kutoka nyuma, tafuta namna ya kuzifunga kwenye brigi peke yake, kwani ile kona kali haifai waya bapa.

Zikiwa mpya zitakuwa na mng'ao kiasi na vidole vitalalamika. Zipe muda. Uzuri wake unakuja zikishazoea mkono, na kutoka hapo zinakaa hivyohivyo mwaka hadi mwaka. Bei yake ni kubwa kuliko ya nyuzi za duara, lakini ukihesabu mara ambazo hutabadilisha, utaona zimejilipa.

Kwa kuwa sihitaji tena kupigana na magitaa kwa kelele, mzigo wangu wote umepungua. Tunaocheza kila mwisho wa wiki tunajua kwamba shoo inaanza kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, ukiwa na kitu kizito mkononi. Amplifaya ya Ampeg SVT ya mwaka 1969, yenye wati 300 za valvu, ni mashine ninayoiheshimu sana, lakini kichwa chake peke yake, yaani amplifaya bila spika, kinapita kilo 30, na kabati lake la spika 8 za inchi 10 linahitaji watu wawili wenye mapenzi mema. Mimi natumia kichwa cha daraja la D, aina ya amplifaya nyepesi, kisichofika kilo 3, pamoja na kabati moja dogo lenye upinzani wa umeme wa omu 8 na sumaku nyepesi za neodimiamu. Jukwaa likiwa kubwa naongeza la pili kama hilo sambamba, upinzani wa jumla unashuka hadi omu 4, na kichwa kinatoa nguvu zaidi.

Kazi ya kuwafikia watu nawaachia mitambo ya ukumbi kupitia boksi la DI. Kama una pesa ya kitu kimoja tu baada ya nyuzi, nunua hili. Linachukua sauti dhaifu ya besi na kuigeuza iwe ya kusafiri makumi ya mita kwa kebo ya XLR bila kubeba mvumo njiani. Besi isiyo na betri inapendelea boksi la aktivu, linalopata umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya fundi mitambo ya kuchanganya sauti. Pikapu haibebeshwi mzigo na sauti ya juu kiasi inabaki. Hakikisha boksi lina swichi ya kukata ethi (waya wa ardhini), kwa sababu amplifaya na mikisa vikichomekwa sehemu tofauti mara nyingi mvumo unazaliwa, na swichi hiyo inaumaliza. Swichi hiyo inagusa waya wa sauti tu. Asije mtu akakushauri ukate ethi kwenye plagi ya umeme ili kuondoa mvumo. Huo ni ushauri wa kuua, na nausema kwa uchungu kwa sababu bado nausikia majukwaani.

Masikio nayo yamenufaika. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 unabaki na dakika 15, yaani nyimbo tatu au nne tu. Amplifaya ikishuka na vizibo vya masikio vikiwepo, namaliza usiku bila mlio kichwani. Wapiga besi wadogo zangu, vaeni vizibo.

Mapungufu? Kwa kupiga kwa kipiki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) muziki wa roki wenye mkoromo, waya bapa unanyamaza mno. Kwa solo ndefu inayotaka noti iimbe, inabidi ufanye kazi ya ziada. Na ukizoea, nyuzi za duara zitakukwaruza vidole kila ukiazima besi ya mtu. Kwa kazi za aina hiyo naenda na besi ya pili, Jazz Bass yenye nyuzi za duara, na mara nyingi inarudi nyumbani haijatoka mfukoni.